Mwezi Wangu wa Kwanza katika Shule ya Sanaa ya Kijijini, Luberon: Tathmini ya Mwanafunzi

Niko katika juma la tano la kozi ya miezi tisa ya uchoraji, na mkataba wangu unaniruhusu kujitoa kabla ya mwisho wa juma la sita na kurudishiwa nusu ya ada. Kwa hiyo nimelazimika kukaa chini na kuipima huduma hii kwa makini kuliko ambavyo mwanafunzi mgeni hufanya kwa kawaida, na tathmini hii ni matokeo ya upimaji huo. Shule yenyewe ni ndogo, ina wanafunzi wapatao 20, na imo katika nyumba tatu za mawe kwenye kijiji cha mlimani, upande wa kaskazini wa safu ya Luberon, kati ya Cavaillon na Apt, katika mkoa wa Vaucluse, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwa uongozi na ni haki yao kuyashughulikia kwanza. Ada niliyolipa ni euro 9,800, ikijumuisha chumba, chakula cha mchana siku za kazi, na kile ambacho kijitabu chao kinakiita vifaa vya msingi.

Nianze na kijitabu hicho, maana ndicho kilichonifanya nilipe. Kina picha za mashamba ya mrujuani yaliyochanua, alizeti, makumbusho ya Aix-en-Provence, studio yenye taa zinazowaka usiku, na gari dogo jeupe la shule. Baada ya wiki tano naweza kusema bila kusita kwamba shule hii inajinadi kwa mambo yake dhaifu na kuyanyamazia mambo yake yenye thamani. Mrujuani wa eneo hili huchanua kuanzia mwishoni mwa Juni na kuvunwa Julai. Mwanafunzi anayefika mwanzoni mwa Oktoba, kama nilivyofika mimi, hukuta mistari ya vichaka vya kijivu vilivyokatwa sawasawa. Hilo si kosa la mtu, lakini picha ya jalada inaahidi kitu ambacho hakipo kwa karibu muda wote wa kozi. Kwa upande mwingine, hakuna hata mstari mmoja katika kijitabu unaoeleza kwamba majuma matatu ya mwanzo mwanafunzi haruhusiwi kugusa rangi ya tyubu, wala kwamba baada ya hapo anafundishwa kuitengeneza rangi yake mwenyewe kutokana na udongo wa bonde hilihili. Kwangu mimi, hayo ndiyo niliyoyanunua, ingawa sikujua kwamba nayanunua.

Safari ya kufika inahitaji maelezo kwa sababu wengi wataikosea kama nilivyoikosea. Treni ya mwendokasi kutoka kituo cha Gare de Lyon, Paris, huchukua kama saa mbili na dakika arobaini hadi Avignon, lakini inakushusha Avignon TGV, kituo kilicho nje ya mji, na si Avignon Centre, ambako ni karibu na kituo cha mabasi. Kuna treni fupi inayounganisha vituo hivyo viwili kwa dakika chache. Kutoka hapo unapanda basi la mtandao wa mkoa uitwao ZOU!, linalopitia Cavaillon kwenda Apt. Hakuna treni tena ya kufika Apt. Njia ya zamani ya reli imegeuzwa kuwa barabara ya baiskeli inayofuata mto Calavon, na ni barabara nzuri sana, nitakuja kuitaja tena. Basi hukuacha bondeni. Kijiji kiko juu, kilomita nne za kupanda, na gari la shule nililoahidiwa kwa barua halikuwepo. Nilipanda kwa miguu na sanduku, bomba la michoro likiwa mgongoni, na mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akirudi kutoka sokoni ndiye aliyenichukua kwenye gari lake kilomita mbili za mwisho. Nilipomshukuru kwa Kifaransa changu kidogo nikatumia *tu*, yaani "wewe" ya watu wa karibu, badala ya *vous*, "wewe" ya heshima. Hakukasirika, ila alinirekebisha papo hapo kwa upole, na nikaelewa kwamba hapa kiwakilishi hicho hubeba heshima ileile ambayo sisi tunaiweka katika shikamoo. Tangu siku hiyo siingii duka lolote bila kusema *bonjour, madame* au *bonjour, monsieur* kwanza, na nimeona jinsi milango inavyofunguka.

Sasa niingie katika mafunzo yenyewe.

Asubuhi ya kwanza tulipewa mkaa wa kuchorea, kipande cha mkate wa kufutia, na bunda la karatasi ya kawaida. Tukapelekwa kwenye ukuta wa shamba la mizabibu ulio nyuma ya shule, kila mmoja akachagua mahali pa kukaa, na tukaambiwa kwamba tutarudi mahali hapohapo kila siku ya kazi kwa majuma matatu, saa mbili asubuhi hadi saa tano. Siku tatu za mwanzo niliona ni upotevu wa ada. Nilikuwa nimekuja na rangi zangu 24 za mafuta, nimezibeba maelfu ya kilomita, na sasa nachora mawe ya kijivu kwa mkaa. Siku ya nne mwalimu alipita nyuma yangu, akaomba karatasi zangu nne azipange chini kwa mfuatano, kisha akaniuliza ni ipi niliyoichora wakati kulikuwa na mawingu. Sikuweza kujibu. Michoro yote ilikuwa na giza lilelile chini ya kila jiwe, kwa sababu nilikuwa nachora mawe ninayoyajua, wala sikuwa nachora kivuli kilichokuwa mbele yangu. Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Tulipewa zoezi la kupanga ngazi tisa za kijivu, kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mkaa, na kila asubuhi kuandika pembeni mwa mchoro ni ngazi zipi zipo mbele yetu na zipi hazipo. Siku ya mawingu ngazi mbili za mwisho hutoweka kabisa. Siku ya upepo wa mistral, ambao hushuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône na kufagia unyevu wote hewani, ngazi zote tisa huonekana kwa pamoja, na ukingo wa kivuli huwa mkali kama umekatwa kwa kisu. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba wachoraji walikuja kusini kwa ajili ya mwanga. Sikuwa nimewahi kuelewa kwamba mwanga huo una sababu inayoweza kuelezwa, na kwamba sababu hiyo ni upepo.

Mistral si jambo dogo. Unaweza kuvuma kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na nyumba za zamani za mashambani hapa zimejengwa zikiupa kaskazini kisogo, zikiwa na madirisha machache au hazina kabisa upande huo. Siku ya pili ya upepo, kiegemeo changu cha turubai kiliruka na kuvunjika mguu. Mwalimu akatufundisha njia ambayo mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, alipokuwa katika mji wa Arles mwaka 1888, aliieleza katika barua kwa rafiki yake mchoraji Émile Bernard: miguu ya kiegemeo inasukumwa ardhini, pembeni ya kila mguu kinapigiliwa kigingi cha chuma cha nusu mita, kisha kila kitu kinafungwa pamoja kwa kamba. Tulifanya hivyo hivyo, na imeshika. Ni mafunzo ya aina hii, yaliyokaa katika mahali na katika kazi ya mikono, ambayo shule hii inayatoa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Juma la nne lilikuwa la udongo. Wilaya ya Apt ina tabaka la mchanga wenye okra, yaani udongo wa rangi, kutoka njano hafifu hadi nyekundu ya damu ya mzee, na kijiji cha Roussillon kimejengwa juu yake na kupakwa nao. Tulitembea katika njia ya miguu ya Sentier des Ocres, katikati ya machimbo ya zamani, tukiwa tumeonywa mapema kwamba ni marufuku kuokota hata chembe, na viatu vyangu vyeupe bado vina rangi ya chungwa hadi leo. Siku iliyofuata tulikwenda kwenye kiwanda cha zamani cha Mathieu, kilicho kando ya barabara iendayo Apt, ambako leo ni kituo cha kuhifadhi na kufundisha utaalamu huo. Hapo nilielewa jinsi kazi ilivyokuwa. Kinachochimbwa kwa sehemu kubwa ni mchanga. Unasafishwa kwa maji mengi, mchanga mzito unazama njiani, na okra laini inachukuliwa na maji hadi kwenye mabwawa mapana ambako inatulia polepole. Uoshaji ulifanywa majira ya baridi, wakati wa mvua. Jua la miezi iliyofuata likakausha tope, likakatwa vipande kama matofali, kisha likasagwa. Aliyeanzisha utengenezaji huo hapa ni Jean-Étienne Astier wa Roussillon, katika miaka ya 1780. Baadaye rangi za viwandani zikaja, soko likaanguka, na leo imebaki kampuni moja tu inayoendelea kuchimba katika eneo hili.

Somo lililonishika zaidi lilichukua dakika ishirini. Mwalimu wa vifaa aliweka vijiko vitatu vya okra ya njano kwenye kikaango cha chuma juu ya moto wa gesi, akatuambia tutazame bila kusema. Njano ikawa ya mchungwa, mchungwa ukaelekea kwenye rangi ya matofali, na mwisho tukawa na nyekundu nzito. Hakuongeza chochote. Okra ya njano ni oksidi ya chuma iliyoshika maji ndani yake. Moto huyafukuza maji hayo, na kinachobaki ni hematiti, ambayo ni nyekundu. Nyekundu iliyoandikwa kwenye tyubu zangu kwa jina la *ocre rouge*, niliyoinunua kwa miaka bila kujiuliza, inaweza kuwa njano iliyopita motoni. Tulitoa kiasi kidogo kila baada ya dakika mbili, na kutokana na udongo mmoja nikapata rangi tisa. Kisha tukazisaga kwa mafuta ya kitani juu ya bamba la kioo, kwa mchi mpana wa kioo, tukizungusha mkono kama namba nane hadi sauti ya mikwaruzo iishe. Sauti ndiyo inayokuambia kwamba chembe zimeingia katika mafuta. Mkono wangu wa kulia uliuma siku mbili. Rangi ninayoitengeneza hivyo ninaitumia kwa namna tofauti kabisa na ile ya kununua, kwa sababu najua kila kipande cha ukubwa wa kidole kimenigharimu nusu saa.

Somo hilo liliunganishwa na swali la kudumu kwa rangi, na hapa naomba nikae kidogo. Oksidi za chuma hazififii kwa mwanga. Ndiyo maana michoro ya mapangoni ya kale sana bado ina wekundu wake. Van Gogh, aliyependa rangi mpya za wakati wake, alitumia pia nyekundu zilizotengenezwa kwa namna isiyovumilia mwanga. Chumba chake cha kulala cha Arles, alichokichora mwaka 1888, alikieleza katika barua kuwa na kuta za zambarau hafifu. Leo tunaziona za buluu, kwa kuwa wekundu uliokuwa ndani yake umekufa. Mwalimu alitupa kila mmoja kipande cha kadi, akatuagiza tupake mistari ya rangi zetu zote tulizokuja nazo, tufunike nusu kwa karatasi nyeusi, tuibandike kwenye dirisha la kusini, na tuifungue Juni. Rangi mbili kati ya zangu 24 nimeambiwa mapema nisitegemee kuziona tena. Sijawahi kupata somo la namna hii katika shule yoyote niliyopitia, na lingekuwa katika kijitabu, ningelipa bila kutazama picha ya mrujuani.

Baada ya sifa hizo ni lazima niseme waziwazi yale ambayo hayaridhishi.

Studio ni chumba kirefu chenye madirisha makubwa upande wa kaskazini. Wachoraji hupenda mwanga wa kaskazini kwa sababu jua haliingii moja kwa moja na vivuli havihami. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne alifanya vivyo hivyo katika studio aliyojijengea kwenye kilima cha Les Lauves, Aix, alikofanya kazi kuanzia 1902 hadi kifo chake mwaka 1906, akaongeza hata mwanya mrefu ukutani wa kupitishia turubai zisizoingia mlangoni. Kwa mwanga, basi, studio yetu ni bora. Kwa joto, haifai. Upande wa kaskazini ndiko unakotoka mistral, vioo ni vya tabaka moja, na jiko la kuni lililopo linapasha mita tatu tu za chumba chenye mita ishirini. Saa zilipobadilishwa mwishoni mwa Oktoba na jua likaanza kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, tulikuwa tukichora tumevaa makoti na glovu zilizokatwa vidole. Mafuta ya kitani huwa mazito katika baridi hiyo na hukauka polepole mno. Ahadi ya studio kufunguliwa usiku ni kweli kwa maana ya ufunguo: mlango uko wazi, lakini baada ya saa mbili usiku hakuna anayeweza kukaa.

Usafiri ndio udhaifu mkubwa zaidi. Kijitabu kinasema gari la shule hushuka bondeni kila siku. Ukweli ni mara mbili kwa juma, na Jumamosi asubuhi gari hujaa kabla ya kila mtu kupata nafasi, ilhali hiyo ndiyo siku ya soko kubwa la Apt ambako mtu hununua mboga, jibini na soksi za sufu. Baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, mkahawa pekee wa kijiji ulifungwa hadi majira ya kuchipua, na duka la mikate hufunga siku nzima ya Jumatano. Asiye na gari hapa anategemea wengine kwa kila kitu. Mimi nilinunua baiskeli iliyotumika kwa euro 90, nikaitumia kwenye ile njia ya Calavon niliyoitaja, na maisha yangu yakabadilika. Bila shaka lolote nashauri kila mwanafunzi afanye hivyo katika juma la kwanza.

Ziara za makumbusho zimekuwa pungufu. Safari ya Aix imeahirishwa mara mbili bila tarehe mpya. Tulipelekwa Saint-Rémy-de-Provence badala yake, kwenye nyumba ya watawa ya Saint-Paul-de-Mausole, iliyokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako Van Gogh alilazwa kwa hiari yake kuanzia Mei 1889 hadi Mei 1890. Ni mahali pa kimya, na nilifaidika kuona jinsi milima ya Alpilles ilivyo karibu na ukuta, kwa maana katika picha nilidhani aliikuza. Hata hivyo tulipewa saa moja na nusu, kisha tukarudishwa kwa sababu dereva alikuwa na kazi nyingine.

Kuhusu lugha, matangazo yanasema mafunzo yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu wa uchoraji anakizungumza vizuri. Yule wa vifaa, ambaye ndiye hazina ya shule hii, anazungumza Kifaransa pekee, na tafsiri hufanywa na mwanafunzi mwenzetu kwa hisani yake. Anayekusudia kuja ajifunze Kifaransa miezi mitatu kabla, hasa maneno ya kazi: kusaga, kuchuja, kukauka, unene. Chumba changu ni kidogo, kisafi, chenye kuta nene za mawe, na maji ya moto hayajawahi kukosa. Chakula cha mchana ni kizuri na cha kutosha.

Neno moja kuhusu karatasi, kwa wanaokuja kutoka nje ya Umoja wa Ulaya: viza ya muda mrefu ya mwanafunzi inayotumika pia kama kibali cha ukaazi ni lazima ithibitishwe kwenye mtandao wa serikali ndani ya miezi mitatu tangu kufika, na kuna kodi ya kulipa. Ofisi ya shule haikutukumbusha. Fanya juma la kwanza, wakati bado una anwani na stakabadhi zako mkononi.

Juzi niliandika barua kwa uongozi nikiomba mambo matatu: gari lishuke mara nne kwa juma, tarehe ya Aix itajwe, na studio ipashwe joto. Jana mchana mafundi wawili walikuja kupima vioo, na jioni tukaletewa hita mbili za umeme za kutumia mpaka kazi iishe. Hayo mawili mengine hayajajibiwa. Nimeamua kubaki. Kadi yangu ya rangi 24 iko dirishani, nusu yake imefunikwa, na mwalimu wa vifaa amesema juma lijalo tutaanza kuchanganya rangi kwa kiini cha yai.